Uhandisi wa viwanda: kazi zake zilivyo hasa, na namna mwanafunzi anavyoweza kujiandaa kabla hajafika chuoni

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, napigiwa simu na wazazi na vijana wanaotaka kujua kama uhandisi wa viwanda una kazi. Wameiona shahada hiyo katika orodha ya Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jirani na uhandisi mitambo na uhandisi umeme, lakini hawamfahamu hata mtu mmoja mtaani kwao anayeitwa mhandisi wa viwanda. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 14, nusu yake nikiwa viwandani na nusu nyingine katika bohari na usambazaji, kwa hiyo nimeona ni vyema nieleze kwa urefu mahali pamoja kuliko kurudia maneno yale yale kwenye simu.

Mashine inapokataa kuwaka, mhandisi mitambo na mhandisi umeme ndio wanaoitwa. Mhandisi wa viwanda huitwa wakati mashine ni nzima, umeme upo, malighafi ipo, watu wote wamefika zamu, na bado mzigo haukutoka kwa wakati. Anachokichunguza ni kazi yenyewe: inaanzia wapi, inapita mikononi mwa nani, inasubiri wapi, na kwa nini inasubiri.

Nitoe mfano wa hesabu niliowahi kuufanya, nikiwa nimezikadiria namba zake upya ili zisomeke kirahisi. Kiwanda kidogo cha sabuni kina watu 4 kwenye meza ya kufungasha. Zamu ni ya saa 8, yaani dakika 480, na ukitoa dakika 30 za mapumziko zinabaki 450, ambazo ni sekunde 27,000. Wateja wanahitaji maboksi 900 kwa siku, kwa hiyo kila sekunde 30 lazima boksi moja litoke. Wa kwanza hukunja boksi kwa sekunde 19. Wa pili hubandika utepe chini ya boksi, hutandika karatasi, hupanga vipande vya sabuni na kuvihesabu, na kazi hiyo humchukua sekunde 41. Wa tatu hufunga juu kwa sekunde 28, na wa nne hubandika lebo na kupanga mzigo kwa sekunde 22. Kwa kuwa mstari mzima hauwezi kwenda haraka kuliko aliye na kazi ndefu, maboksi yanayotoka kwa siku ni 27,000 gawanya kwa 41, yaani 658 tu. Mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kuamua kuajiri mtu wa tano na kuanza kutafuta mashine ya kufungashia.

Ukijumlisha sekunde zote unapata 110, na 110 gawanya kwa 30 ni chini kidogo ya 4. Maana yake watu 4 wanatosha, ila kazi imegawanywa vibaya. Kubandika utepe wa chini na kutandika karatasi huchukua sekunde 11, na shughuli hiyo inaweza kufanywa na yule wa kwanza. Akiichukua, yeye anakuwa na sekunde 30, wa pili anabakiwa na sekunde 30, na maboksi 900 yanafikiwa bila kununua chochote. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili, lakini haikufanywa na mtu yeyote pale kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama mahali hapo na saa mkononi kwa siku nzima.

Kuhusu ajira, naomba vijana walielewe jambo moja mapema, kwa kuwa kutolielewa kumewavunja moyo wahitimu wengi. Ukitafuta matangazo yenye maneno "mhandisi wa viwanda" utayapata machache sana. Kazi ipo chini ya majina mengine: msimamizi wa uzalishaji, afisa mipango ya uzalishaji, mdhibiti ubora, mchambuzi wa mifumo ya kazi, afisa ugavi, mpangaji wa matengenezo, meneja wa bohari. Viwanda vya saruji, sukari, nguo, vinywaji na unga vinawahitaji watu hawa. Bandari nazo zinawahitaji, kwa sababu kupanga makontena ili lile linalotoka kwanza lisikae chini ya mengine matano ni kazi yetu kabisa. Hospitali pia ni mahali petu. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia mbinu za Kijapani za kupanga mahali pa kazi, na mbinu hizo zilipewa maneno mazuri ya Kiswahili ambayo leo utayakuta yamebandikwa katika kuta za hospitali nyingi nchini: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mwaka 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa ushirikiano na Japani, ilianza kupeleka viwandani mbinu za kaizen, yaani za kuboresha kazi hatua kwa hatua bila kukoma. Aliyesoma fani yetu akikutana na maneno hayo anajua yametoka wapi na yanataka nini kwake.

Nije sasa kwenye kujiandaa.

Tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Hata hivyo, wanafunzi wengi hutia nguvu kwenye kalkulasi na kuiacha takwimu hadi wiki ya mwisho kabla ya mtihani, wakidhani ni mada nyepesi. Katika kazi hii ni kinyume. Kalkulasi itakusaidia chuoni, na takwimu utaitumia kila siku hadi utakapostaafu. Fikiria kinu cha unga kinachojaza mifuko ya kilo 25. Kila mashine hutofautiana kidogo katika ujazaji, na mwenye kinu, kwa kuogopa kukamatwa na Wakala wa Vipimo kwa mifuko pungufu, huiweka mashine ijaze zaidi. Ikiwa kila mfuko una ziada ya gramu 150 na mifuko ni 2,000 kwa siku, kilo 300 za unga zinaondoka bure, ambazo ni sawa na mifuko 12. Ukiweza kupunguza tofauti kati ya mfuko na mfuko, unaweza kushusha kiwango cha ujazaji bila kumpunja mnunuzi. Chombo cha kufanyia hivyo ni chati ya udhibiti, yaani mchoro wa vipimo unaoonyesha ni lini tofauti imevuka ile ya kawaida, ambao Walter Shewhart aliibuni Marekani mwaka 1924, na chati hiyo ni takwimu tupu: wastani na mtawanyiko.

Jifunze pia kanuni ya Little, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961. Inasema kwamba idadi ya watu au vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha kwa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Kama uani mwa kituo cha afya kuna wagonjwa 120 wakati wote wa asubuhi, na wagonjwa 40 huhudumiwa kwa saa, basi kila mmoja anakaa hapo wastani wa saa 3. Hukumuuliza mgonjwa hata mmoja, na tayari unajua.

Kompyuta: anza na Excel, na uijue barabara. Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, na programu za kuigiza mistari ya uzalishaji zitafuata chuoni.

Jambo ambalo sikufundishwa, na ambalo ningependa mlipe uzito kuliko yote, ni namna ya kumsogelea mtu anayefanya kazi. Katika kiwanda cha nguo nilichopangiwa mafunzo kwa vitendo nikiwa mwaka wa pili, nilipewa saa na karatasi, nikaambiwa nipime muda wa kila mshonaji. Nikaenda nikasimama nyuma ya migongo yao bila salamu wala maelezo. Siku ya tatu, wakati wa chai, mama mmoja aliyekuwa na umri wa kunizaa aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, unatupima ili watupunguze?" Nilikosa la kujibu, kwa sababu kwa kweli sikujua vipimo vile vilikusudiwa nini. Nilipozitazama namba zangu usiku ule nikagundua kwamba hazifai: waliokuwa na hofu ya kupunguzwa walikuwa wameharakisha, na waliokuwa na hofu ya kuongezewa lengo walikuwa wamepunguza mwendo. Nilizitupa zote. Kwanza nikamwomba msimamizi anieleze kwa uwazi matumizi ya vipimo vile, kisha nikaanza upya kwa kumsalimu kila mmoja, kumweleza ninachopima na kwa nini, na kumwomba yule mama anifundishe kushona mshono wa bega kwa nusu siku. Baada ya hapo wao wenyewe ndio walioniambia kwamba tatizo lilikuwa vitambaa vinavyofika kutoka sehemu ya ukataji vikiwa vimechanganywa saizi.

Hofu yao haikuwa ngeni katika historia ya fani hii. Mwaka 1911, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown nchini Marekani waligoma kupinga kupimwa kwa saa kwa mujibu wa mbinu za Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyeeneza upimaji wa kazi kwa saa, na Bunge la nchi hiyo likaja kupiga marufuku saa hizo katika viwanda vya silaha vya serikali. Tuliorithi kazi ya Taylor tunapaswa kulijua hilo kabla ya kushika saa.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo dada, na asante kwa uzi huu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, na ninasubiri kupangiwa chuo. Nina maswali mawili. La kwanza, wajomba zangu wanasema kiwandani si mahali pa msichana, na kwamba nitaishia ofisini nikiandika ripoti za wengine. La pili, ninaishi wilayani, na kiwanda cha karibu kipo mbali kwa kilomita nyingi. Ninawezaje kujiandaa wakati sijawahi kuingia kiwandani?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kumaliza.

Kwa wajomba, waambie kwa heshima kwamba mmoja wa walioijenga fani hii tangu mwanzo ni mwanamke. Lillian Gilbreth, aliyezaliwa mwaka 1878, alifanya kazi na mumewe Frank ya kuchunguza mijongeo ya mikono ya wafanyakazi. Mume alipofariki mwaka 1924, aliendelea peke yake huku akilea watoto wengi, na baadhi ya viwanda vilivyokuwa vikimwita mumewe viliacha kumwita yeye kwa sababu ya jinsia yake. Alizipeleka mbinu zile zile jikoni, akachunguza kimo cha meza, umbali kati ya jiko na sinki, na hatua anazotembea mpishi, na kazi hiyo ikamrudisha kwenye heshima yake yote ya uhandisi. Mimi mwenyewe nimesimamia zamu za usiku zenye wanaume 60. Ugumu upo, sikufichi, hasa usafiri wa kurudi nyumbani saa nane za usiku, na hilo uliulize mapema kabla ya kusaini mkataba wowote.

Kwa swali la pili, huhitaji kiwanda. Wilayani kwenu hakukosi mashine ya kusaga na kukoboa nafaka, zahanati, stendi ya mabasi, au fundi wa magodoro na vitanda. Chagua sehemu moja tu. Omba ruhusa ya mwenyewe, mweleze unajifunza. Kaa kwa saa 3 na daftari lenye safu nne: saa aliyofika mteja, saa aliyoanza kuhudumiwa, saa aliyoondoka, na jambo lolote lililosimamisha kazi. Usitoe ushauri siku hiyo. Ukimaliza, njoo hapa na namba zako.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni fundi sanifu, nina miaka 22 kwenye matengenezo ya mitambo. Dada yangu ameeleza vizuri, ila naomba niseme lililo moyoni. Vijana wanakuja kwetu na vyeti vizuri, wanakaa kwenye kompyuta wiki nzima, halafu wanatuletea ratiba ya matengenezo kinga inayotutaka tusimamishe mtambo Jumatatu asubuhi, wakati ambapo magari ya kupakia yamejaa getini. Hawajauliza mtu. Wengine hawajui beringi inachukua muda gani kubadilishwa, lakini wameiandikia dakika 20. Ninawaomba wanafunzi watakaosoma hapa: mkija mafunzo kwa vitendo, ombeni kupangwa zamu ya usiku angalau wiki mbili, kwa sababu usiku ndipo mtambo unapoonyesha tabia zake na wakubwa hawapo. Halafu someni daftari la hitilafu. Kila kiwanda kinalo, na lina maarifa mengi ambayo hayakuwahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Mwanzisha uzi

Fundi, nakubaliana nawe kwa kila neno, na la daftari la hitilafu ningependa kulikazia. Mwanafunzi akichukua daftari la miezi 6, akaorodhesha kila sababu ya kusimama kwa mtambo pamoja na dakika zilizopotea, kisha akazipanga kuanzia kubwa hadi ndogo, mara nyingi ataona sababu mbili au tatu zimemeza sehemu kubwa ya muda wote. Hapo ana mradi mzuri wa mwaka wa nne, wenye manufaa kwa kiwanda.

Niongeze kuhusu lugha, maana nayo hututenga na mafundi. Chuoni tunasoma kila kitu kwa Kiingereza, halafu tunaandika maelekezo ya kazi kwa Kiingereza na kuyabandika mbele ya mtu ambaye maneno yake ya kazi ni Kiswahili. Maelekezo hayo hayasomwi. Mwanafunzi ajizoeze kuandika hatua za kazi kwa Kiswahili kifupi, akitumia majina ya vifaa yale yanayotumiwa na mafundi wenyewe, kisha ampe mtu asiyeijua kazi hiyo ajaribu kuzifuata. Atakapokwama, ajue ni sentensi iliyokosewa.

Mchangiaji wa nne

Nawasalimu kutoka Eldoret. Huku Chuo Kikuu cha Moi kina idara inayofundisha uhandisi wa viwanda pamoja na ule wa nguo, na mwaka 2007 chuo kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex. Ningependa kuwaambia wanafunzi kwamba sekta ya mavazi, kama ile ya Athi River inayoshona kwa ajili ya soko la Marekani, ni mojawapo ya sehemu chache ambako mhandisi wa viwanda huajiriwa kwa jina lake hasa. Bei ya shati huanza na dakika: kila mshono hupewa muda wa kawaida, dakika hujumlishwa, na mnunuzi hujadili bei juu ya jumla hiyo. Ukikosea dakika 2 kwa shati moja katika oda ya mashati 50,000, umekosea dakika 100,000. Kwa hiyo anayependa kazi yenye vipimo vya kila saa atafute nafasi huko.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni mzazi. Naomba kuuliza bila kuzunguka: mtoto akisoma miaka minne, nini kinafuata? Je, anakuwa mhandisi siku ya mahafali?

Mwanzisha uzi

Hapana, mzazi wangu, na ni vizuri umeuliza. Kwa sheria ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ndiyo inayosajili. Akihitimu, anasajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Kisha anahitaji uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu chini ya uangalizi wa wahandisi waliokwisha kusajiliwa, ndipo aweze kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kwa wahitimu, na ninashauri aombe kuingia mapema, asisubiri mwaka upite akitafuta kazi ya kudumu. Kila wiki aandike kumbukumbu za kazi aliyoifanya. Nimeona wahitimu waliofanya kazi nzuri miaka mitatu na wakashindwa kuieleza kwa sababu hawakuwahi kuandika chochote.

Kuhusu kupata kazi, sitakuahidi. Wanaochelewa ni wale wanaosubiri tangazo lenye jina la shahada yao. Wanaowahi, kwa niliowaona, ni wale waliorudi kwenye kiwanda walichofanyia mafunzo kwa vitendo wakiwa na ripoti iliyomwonyesha mwenye kiwanda kitu ambacho hakukijua.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo tena dada. Nimefanya ulichoniagiza. Jumamosi nilikaa kwenye mashine ya kusaga kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, kwa ruhusa ya mwenye mashine. Walifika wateja 36, yaani 12 kwa saa. Kila baada ya dakika 10 nilihesabu watu waliokuwapo, na wastani ulikuwa 9. Kwa kanuni ya Little, 9 gawanya kwa 12 ni robo tatu za saa, yaani dakika 45. Nilipojumlisha muda wa kila mteja kwenye daftari na kugawanya, nilipata dakika 44. Nilifurahi sana. Mwenye mashine anasema dawa ni kununua mashine ya pili ya kusaga. Je, nimwambie anunue?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kutoka moyoni. Kutofautiana kwa dakika moja ni kawaida, kwa sababu baadhi ya wateja walikuwapo kabla hujaanza na wengine walibaki ulipoondoka.

Usimwambie anunue, wala usimkataze, kwa kuwa namba ulizo nazo bado hazijibu swali lake. Zinaonyesha kwamba mteja anakaa dakika 45, lakini hazionyeshi anazikaa wapi. Wanaotaka sembe hupita kwanza kwenye kukoboa, ndipo waende kusaga, na wanaotaka dona huenda kusaga moja kwa moja. Inawezekana msongamano wote upo kwenye kukoboa, na mashine ya pili ya kusaga ingekaa bure. Tazama pia safu yako ya nne: umeandika mara ngapi mashine ilisimama ili kubadili chekeche au kusubiri mteja aliyekwenda kutafuta chenji? Hukuniambia.

Jumamosi ijayo rudi saa zile zile. Tenganisha wateja wa sembe na wa dona katika kurasa mbili, andika saa ya kuanza na kumaliza kwa kila mashine peke yake, na umwombe kijana anayeendesha mashine akuambie sababu kila anapozima. Mpe jina lake nafasi juu ya ukurasa, maana vipimo hivyo ni vyake pia. Kisha weka namba zote hapa, nami nitakaa nawe tuzipitie mstari kwa mstari.